Chumvi ya Sikio la Dada

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa akitoga masikio ya wasichana katika vijiji vya upande wetu wa mto Kilombero, mwendo wa siku moja kwa mtumbwi kupanda mto kutoka Ifakara. Hakuwa mganga, na mtu akimwita mganga alikasirika. Alikuwa mkulima wa mpunga kama wengine. Ila mikono yake ilikuwa mitulivu, na wazazi waliwaleta binti zao kwake kwa sababu masikio aliyoyatoga yeye hayakuoza.

Yangu aliyatoga kiangazi kimoja, nikiwa na umri wa miaka tisa hivi. Wajerumani walikuwa wameshajenga boma lao Mahenge, na baba alikuwa ameshapelekwa mara mbili kulima pamba asiyoijua itamfaa nini. Bibi alichagua kiangazi kwa sababu masika huleta nzi na matope, na kidonda kibichi hakipendi vyote viwili. Alichemsha maji katika chungu kidogo ambacho hakikupikiwa kitu kingine, akatia chumvi, akanawa mpaka viwikoni. Kisha akaniambia na mimi ninawe.

"Mimi sitogi mtu," nikasema.

"Utalishika hilo sikio hata nikikukataza. Nawa."

Akaupitisha mwiba wa mgunga motoni, akaungoja upoe, akatoga. Sikulia, lakini nilimkojolea miguuni, na mpaka leo sijui kama alihisi. Ndani ya kila ndewe, ndiyo tundu lenyewe la sikio, akaingiza kijiti cha bua la mtama alichokuwa amekimenya na kukilainisha kwa jiwe. Kijiti hicho kilikaa mpaka mwezi ukaandama mara mbili. Asubuhi na jioni alikiosha kwa maji ya chumvi yaliyopoa. Ukoko ukijishika aliulowesha mpaka uachie wenyewe. Ole wako akuone ukiubandua kwa kucha, au ukikizungusha kijiti kikiwa kikavu. Siku ya kukibadili alikichemsha kile kipya, akakipaka mafuta ya mbarika, akakiweka mlangoni mwa ndewe bila kukisukuma.

"Kinatakiwa kiingie kama mtu anayekaribishwa," alisema. "Kikikataa, mwili umesema bado. Rudisha cha zamani, ungoje."

Kwetu ndewe zilipanuliwa kidogo kidogo, za wanaume na za wanawake. Kijiti kimoja, kisha viwili vikifungwa pamoja, kisha vitatu, hatimaye jasi, yaani kipande cha mviringo cha mpingo kinachojaa tundu. Dada yangu, aliyenipita miaka sita, alikuwa na majasi ya mpingo tangu zamani. Alikuwa ameposwa, na kila alipopita mtoni wanawake walimtazama masikio.

Kiangazi kilekile ndipo yalipokuja maneno ya dawa. Watu walipita wakisema kuna maji ambayo mtu akiyanywa na kunyunyiziwa, risasi ya Mjerumani haimpati. Baba alikwenda akayanywa pamoja na wanaume wengine wa kijiji. Aliporudi alikuwa na kibuyu kidogo shingoni, na hakukaa karibu na mama, kwa kuwa waliambiwa wasikaribie wanawake. Asubuhi waliyoondoka alisimama mbali kidogo na kizingiti, bibi akiwa ananiosha masikio.

"Mama, nakwenda," akasema.

Bibi hakuacha kazi yake. "Umeona mtu aliyepigwa risasi akapona kwa maji hayo?"

"Bado hatujapigwa."

"Basi bado hujui."

"Na wewe ukimtoga mtoto unajua kwamba atapona?"

Nadhani hilo lilimwingia. Akajikausha mikono, akaenda akamshika mwanawe kichwa kwa mikono yote miwili, kwa muda mrefu, na baba akamwacha ingawa walikatazwa kuguswa. Kisha wakaondoka, safu ndefu, kuelekea milima ya Mahenge.

Jirani yetu ndiye aliyerudi peke yake, siku nyingi baadaye, akichechemea. Alimwambia mama palepale uani, bila kuketi. Walikuwa wamelikimbilia boma wakipiga kelele "Maji! Maji!", na bunduki za juu ya boma zikawafyeka kama mtu anavyofyeka mpunga. Baba alikuwa mbele yake. Alimwona akianguka, wala hakumwona akiinuka. Mama aliuliza swali moja tu, kama alizikwa. Jirani akasema hakuna aliyekaa kuzika.

Masika yalipita, mpunga ukaiva, tukavuna. Tulikuwa bado tunapura wakati askari walipokuja kwa kufuata mto. Hawakutafuta wapiganaji, walitafuta chakula. Walichoma maghala, walichoma nyumba, na mpunga uliobaki shambani wakauwashia moto ukiwa umesimama. Sisi tulikuwa tumeshaingia kwenye mitumbwi. Tukajificha katika kisiwa cha matete ndani ya mbuga iliyofurika, bibi, mama, dada na mimi, pamoja na watu wa nyumba nyingine tatu. Tulikula samaki, mizizi ya mayungiyungi, na mbegu tulizoapa kutozila.

Amri ya kisiwani ilikuwa moja, kwamba pasionekane moshi. Tulipika alfajiri tu, ukungu unapokuwa mzito juu ya maji, na jua likichomoza moto unazimwa. Bibi alipewa nafasi ya mwisho, makaa yakishapungua, na kwa makaa hayo alichemsha maji yake. Chumvi ilikuwa imekwisha. Kwetu chumvi ilitengenezwa kwa kuchoma majani mengi ya mbugani, kuyachuja majivu kwa maji, na kuyachemsha maji hayo mpaka yakauke. Ni moto wa siku nzima. Hakuna aliyethubutu kuutaja.

Mimi wakati huo nilikuwa na vijiti vitatu, na ilikuwa zamu ya kupata jasi langu la kwanza. Bibi alikataa. "Mahali pasipo maji safi ya kutosha, hatubadilishi kitu," alisema. "Lililopona likae lilivyo." Niliona ananionea. Dada ndiye aliyenisikiliza nikilalamika. Kumbe alikuwa na lake.

Majuma machache kabla hatujakimbia, bibi alikuwa amembadilishia dada majasi, akamwekea makubwa zaidi kwa ajili ya harusi, na nyama ya pembeni ilikuwa haijakomaa. Mchumba wake alifika kisiwani siku moja adhuhuri, amekonda, bunduki ya gobori mgongoni. Alikaa muda wa kula samaki mmoja. Alimletea zawadi, majasi mawili aliyoyakata kwa mikono yake kutoka maganda ya risasi za askari, akayasugua kwenye jiwe mpaka shaba ikang'aa kama jua majini. Dada aliyatazama akalia. Mchumba alipoondoka, dada alitoa mpingo, akaivaa shaba. Hakuichemsha, hakunawa, na hakumwambia mtu. Alijitanda kaniki yake kichwani, akasema anasikia baridi.

Siku ya nne bibi alipita nyuma yake akasimama. Alinusa.

"Vua hiyo kaniki."

"Nina baridi, Bibi."

"Vua, mke mwenzangu. Sikugombezi."

Sikio la kulia lilikuwa sawa. La kushoto lilikuwa limevimba mpaka shaba imezama ndani ya nyama, na ngozi imeng'aa, nyekundu inayoelekea kuwa nyeusi. Mstari mwekundu ulishuka chini ya taya. Kwenye ukingo wa lile ganda la risasi, mahali jiwe lilipoacha ukali, palikuwa pamekwaruza tundu kuzunguka kote.

Mama alitaka shaba itolewe na tundu liachwe lizibe. Bibi akakataa. "Usaha uko ndani. Tukilifunga, tumeufungia mlango nao utatafuta njia ya kichwani." Alfajiri iliyofuata, katika ule ukungu, alilowesha sikio kwa maji ya moto mpaka uvimbe ukalegea kidogo, akaitoa shaba. Dada aliuma mpini wa kasia asipige kelele. Kisha bibi akaweka palepale kijiti chembamba cha bua, kilichochemshwa, ili ndewe ibaki wazi na usaha upate pa kutokea. Aliyachukua majasi ya shaba, nikadhani atayatupa mtoni. Aliyachemsha, akayafunga kwenye kitambaa, akampa dada mkononi.

Usaha ulitoka, lakini homa haikushuka. Siku mbili baadaye dada alikuwa akizungumza na baba. Mama akaketi na mikono mapajani. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema.

"Halijapewa dawa bado," bibi akajibu. "Limepewa maji matupu."

Jua lilipopanda aliniita, tukaingia kwenye mtumbwi. Alisema wazi anakokwenda, Ifakara, mahali askari walipopiga kambi kwenye kivuko. Watu wa kisiwani walimkataza kwa hasira, kwa kuwa akishikwa atalazimishwa kusema tulipo na sote tutachinjwa. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Akasema mtu mzee na mtoto wakienda mchana kweupe wataonekana wanatafuta chakula, nao kweli wanatafuta. Jirani yetu yule mchechemeaji ndiye aliyesukuma mtumbwi wetu mwishowe.

Tulisafiri kwa mkondo. Kando ya mto sikuona mtu anayevua wala moshi wa mji wowote, ila ndege wengi walao mizoga. Mchana ulipoanza kupoa tukafika kivukoni, na askari mmoja akatuelekezea bunduki. Bibi alikijua Kiswahili cha misafara ya pembe iliyokuwa ikipita zamani. Akasema, "Natafuta chumvi."

Askari akacheka. "Waasi wamekwishiwa mpunga, sasa wanataka na chumvi."

Nyuma yake, kwenye mlango wa kibanda, alikuwa ameketi mwanamke. Askari wengi walitembea na wake zao, na huyu alikuwa mkewe. Alikuwa amevaa nguo safi, na ameinamisha kichwa upande mmoja kwa namna ambayo bibi aliijua kabla hata ya kuliona sikio. Alikuwa na matundu mengi, mpaka juu kwenye ukingo mgumu, na pete ya fedha ya juu kabisa ilikuwa imekaa katikati ya uvimbe.

"Mwanangu," bibi akamwambia, "hiyo umeiweka lini?"

Yule mwanamke akamtazama. "Shikamoo, bibi," akasema. Salamu hiyo hatukuwa tumeizoea, na bibi hakujua kuiitikia. Alitikisa kichwa tu. "Nilitoga mwezi uliopita. Nikabadilisha wiki hii."

"Mapema mno. Huko juu ni gegedu, si nyama, hakuna damu nyingi, hupona polepole. Nipe moto, maji na chumvi. Nitakutengeneza, nawe utanipa chumvi ya kuondoka nayo."

Askari akasema, "Atakutia sumu huyu."

"Basi simama hapa uone," mkewe akajibu. "Siku tatu silali, na wewe dawa yako ni kunicheka."

Bibi alifanya kazi yake kama alivyoifanya siku zote. Alinawa mpaka viwikoni. Aliomba sindano ya yule mwanamke, ya kutobolea usaha ukihitajika, akaitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Alilowesha, akangoja, akalowesha tena, na mimi nikashika bakuli. Aliitoa pete, akaingiza kijiti chembamba, akamwambia asikitoe mpaka uvimbe uishe na mwezi mwingine upite, asikilalie, asikiguse kwa mikono ya jikoni, na pete aichemshe kabla ya kuivaa tena.

Askari alikuwa amechuchumaa kando, sasa ametulia, anataka mazungumzo. Akamuuliza bibi wanaume wake wako wapi.

"Sina."

"Walikwenda Mahenge?" Bibi akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakirudisha sikioni. Askari akaendelea, bila ukali, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka jana. "Nilikuwepo Mahenge, juu ya boma. Walikuja wengi, wamejipanga kama wanakwenda ngomani. Tulifyatua mpaka mikono ikauma."

Mkono wa bibi ulisimama. Ulikuwa umeshika kitambaa cha moto kwenye sikio la yule mwanamke, na sindano ilikuwa kwenye maji karibu na goti lake. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote. Niliona vidole vikikaza mpaka maji yakachuruzika shingoni mwa mgonjwa, na mgonjwa akasema, "Bibi, inauma." Bibi akavilegeza vidole. Akakiloweka kitambaa tena, akakikamua, akakirudisha pale pale taratibu, akamaliza.

Yule mwanamke hakuwa mjinga. Alimtazama mumewe, akamtazama bibi, akaingia ndani. Alitoka na chumvi iliyojaa konzi mbili, imefungwa kwenye kipande cha shuka. Aliiweka mikononi mwangu, si mwa bibi.

"Mgonjwa wenu yuko wapi?" askari akauliza.

"Waache," mkewe akasema. "Nimesema waache."

Tukarudi mtoni. Kupanda mkondo ni kazi, na tulilazimika kulala njiani. Asubuhi, tukiendelea kupiga kasia, nilimuuliza bibi kwa nini alimtibu, na mumewe ndiye aliyemuua baba, au mmoja wao.

"Nilitaka chumvi," akasema.

Kidogo baadaye aliweka kasia mapajani, akainama, na mabega yake yakatikisika. Nikapiga kasia peke yangu, vibaya, mtumbwi ukienda huku na huku, mpaka akalichukua tena lake.

Dada tulimkuta hai. Bibi alimwosha kwa maji ya chumvi, kutwa mara tatu, jirani zetu wakimwachia makaa yote ya alfajiri bila kuombwa. Siku ya tano homa ilivunjika. Sehemu ya chini ya sikio la kushoto ilikuwa imeshakufa. Ilidondoka yenyewe ikaacha ukingo kama jani lililoliwa na mdudu. Alipoomba maji ya kujitazamia, mama alisita, bibi akampa bakuli. Dada alijitazama muda mrefu. Kisha akauliza kama mchumba wake amepata habari. Hakuna aliyekuwa na habari yoyote ya mchumba, siku hiyo wala baadaye.

Chumvi iliyobaki bibi aliigawa, kidogo kwa kila nyumba. Sehemu yetu alichemshia maji, akanipa majasi yangu ya kwanza ya mpingo badala ya vile vijiti vitatu. Safari hii alikaa pembeni akanifanya niyaingize mwenyewe. Nilinawa, nikapaka mafuta ya mwisho ya mbarika. La kulia liliingia. La kushoto likakataa, nikataka kulisukuma, nikamtazama. Nikarudisha vijiti.

Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko vita. Bibi alikufa ndani yake, kwa kutokula, kwa sababu alikuwa akisema ameshakula. Tulipotoka mbugani, kijiji kilikuwa kimeota nyasi na tembo walikuwa wanapita kwenye viwanja vyetu. Mama alitupeleka karibu na Ifakara, tukaanza upya kwa mbegu tulizopewa, na polepole nami nikaanza kuletewa wasichana. Wengine walikuja na masikio yaliyotogwa na watu wenye haraka. Niliwafanyia nilivyoona ikifanywa.

Dada aliolewa na mvuvi mpole aliyempenda hivyo alivyo. Sikio zima alilivisha jasi, lingine alilifunika kwa nguo, na uzee ulipoingia akaacha kulifunika. Majasi ya shaba sikuyaona tena, sikuuliza.

Watoto wetu walipokuwa wakubwa, mimi naye tulipanda Mahenge kwa miguu kutafuta mahali baba alipoanguka. Tulitaka tu kupaona. Mzee mmoja mwenyeji, aliyekuwa kijana wakati ule na kulazimishwa kufukia maiti, alitupokea vizuri, akatupa viti na uji. Alisikiliza habari yetu yote. Akauliza kama baba alikuwa na alama yoyote ya kumtambua.

"Masikio," dada akasema. "Alikuwa na ndewe kubwa, zote mbili, na majasi ya mpingo yenye nukta nyeupe katikati."

Mzee alitazama bonde lililokuwa chini yetu, mto ukionekana kwa mbali.

"Wote walikuwa wametoga, wanangu," akasema. "Kila tuliyemfukia."

Alitupeleka hata hivyo. Palikuwa na mteremko wenye mihogo, mwanamke analima, mtoto mgongoni. Tulisimama pale mpaka yule mwanamke akaacha kulima akatusalimu, tukamwitikia. Kisha tukashuka, kwa kuwa dada alikuwa na maumivu ya goti, na njia ya kurudi Ifakara ilikuwa ndefu.